Kwa nini nchi nzima huzama gizani kwa hitilafu moja

KILA giza la ghafla linapotanda nchini, Wakenya hupata mshukiwa wa siku. Mnamo 2016 alikuwa tumbili. Mnamo 2022 wakawa waharibifu wa minara ya umeme. Mwaka uliofuata lawama zikaelekezwa kwa mitambo ya upepo ya Turkana, na 2024 zikageukia laini iliyojikata katika kituo cha Suswa. Taarifa hutolewa kwa wanahabari, msamaha ukaombwa, stima ikarejea, na mjadala ukafifia pindi taa zinapowaka.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo msomaji makini hawezi kukosa kujiuliza. Nchi hii ina mitambo yenye uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 3,000, ilhali kilele cha mahitaji yake kilipita megawati 2,300 mwanzoni mwa 2025. Yawezekanaje basi mnyama mmoja, au laini moja, kuiangusha nchi nzima?

Jawabu ni kwamba tumbili hakuiangusha nchi. Aliusukuma tu mlango uliokuwa umeegeshwa. Makala haya yanakusudia kueleza ni nani aliyeuacha mlango huo wazi, na kwa nini kuufunga ni kazi ya gharama ambayo mwananchi hana budi kuielewa, maadamu yeye ndiye atakayeilipia.

Aina tatu za giza

Kabla ya kumlaumu yeyote, ni vyema tutenganishe mambo ambayo aghalabu huchanganywa. Umeme hupotea kwa njia tatu zisizofanana.

Ya kwanza ni ile inayofahamika katika kila mtaa na kijiji: transfoma imeungua, mti umeangukia nyaya, au lori limegonga mlingoti. Wanaoathirika ni wakazi wa eneo moja, na mafundi wakifika tatizo hutatuliwa. Hitilafu hizi ndizo nyingi zaidi na ndizo zinazomkera mwananchi mara kwa mara, lakini haziangushi nchi.

Ya pili ni mgao. Hapa umeme uliopo hautoshi, hivyo wasimamizi hukata maeneo kwa zamu ili kidogo kilichopo kigawanywe. Waliokuwa watu wazima mwaka 2000 wanaukumbuka mgao wa wakati huo, pale ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana na nchi iliyotegemea mno nguvu za maji ikalazimika kuishi kwa ratiba ya giza. Mgao ni adha kubwa, ila ni adha iliyopangwa. Mwenye kinyozi au mashine ya kusaga unga huweza angalau kujua saa ya kufungua na ya kufunga.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu leo. Maji yamo mabwawani, mvuke unafuka Olkaria na upepo unavuma Loiyangalani. Hakuna aliyeamuru umeme ukatwe. Hata hivyo, katika muda wa sekunde au dakika chache, mitambo hujitoa mmoja baada ya mwingine, na nchi ikawa giza kuanzia Pwani hadi Ziwa Victoria. Huku ndiko wataalamu wanakokuita kuanguka kwa gridi.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu dawa ya mgao siyo dawa ya kuanguka kwa gridi. Upungufu huponywa kwa kuongeza mitambo ya kuzalisha. Gridi inayoanguka yaweza kuongezewa mitambo mingi na bado ikaanguka, pengine kwa kishindo kikubwa zaidi.

Mizani isiyo na ghala

Mahindi huhifadhiwa katika maghala ya halmashauri ya nafaka yakingoja mnunuzi kwa miezi. Umeme hauna subira hiyo. Kiasi kinachozalishwa sharti kilingane na kiasi kinachotumiwa katika kila sekunde, mchana na usiku. Mama akiwasha pasi Nakuru, mtambo mahali fulani hulazimika kuongeza juhudi papo hapo.

Kipimo cha ulinganifu huo ni mapigo ya umeme. Nchini Kenya, kama ilivyo katika sehemu nyingi za dunia, mkondo wa umeme hupiga mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Mitambo mikubwa ya maji na ya mvuke, iwe Gitaru au Olkaria, huzunguka kwa mwendo uliofungamanishwa na mapigo hayo, mithili ya wapiga makasia wa mashua moja.

Mzigo ukizidi nguvu zilizopo, mitambo yote hupunguza mwendo kwa pamoja. Ni kama matatu iliyojaa abiria inapoanza kupanda mlima: dereva asipoongeza mafuta, injini hulegea. Gridi ikipoteza mtambo mkubwa kwa ghafla, mapigo hushuka chini ya 50, na hatari huanza hapo.

Kila mtambo una vifaa vya kinga. Ukizungushwa nje ya mwendo uliokusudiwa, mapanga yake huweza kuharibika, na kuyatengeneza ni kazi ya miezi. Kwa hiyo vifaa hivyo vinapoona mapigo yameshuka kupita kiasi, huuondoa mtambo kwenye gridi ili kuuokoa. Uamuzi huo ni wa busara kwa mtambo mmoja. Lakini kila unaojitoa huwaachia waliobaki mzigo mzito zaidi, nao mapigo yao hushuka, nao wakajitoa. Ndivyo hitilafu ya mahali pamoja inavyogeuka kuwa msiba wa taifa.

Ili kuzuia mporomoko huo, gridi iliyo imara hutegemea walinzi watatu.

Wa kwanza ni uzito wa mitambo inayozunguka. Chuma cha tani nyingi kilicho katika mwendo hakisimami mara moja, na ukaidi huo huipa gridi sekunde chache za kujitafuta.

Wa pili ni akiba. Mitambo kadhaa huendeshwa chini ya uwezo wake, kwa makusudi, ili mmoja ukianguka mingine iweze kuongeza nguvu bila kukawia. Mitambo ya maji hufaa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa kufungua mlango wa maji ni jambo la muda mfupi.

Wa tatu ni kukata baadhi ya wateja bila kungoja amri ya mtu. Swichi maalumu huzima mitaa kadhaa mara tu mapigo yanaposhuka, ili sehemu ipotee na nchi isalie. Hii ni kafara, lakini ni kafara ya dakika chache.

Walinzi hawa watatu wakiwa macho, kuanguka kwa mtambo mmoja hakumkoseshi mtu usingizi. Wakiwa dhaifu, chochote huweza kuwa tumbili.

Matukio matatu

Tuyatazame sasa matukio yenyewe.

Mnamo Juni 7, 2016, mwendo wa saa tano na nusu asubuhi, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru katika Mto Tana na kuangukia transfoma. Transfoma ikajikata. Kwa mujibu wa taarifa ya KenGen, mitambo mingine ya kituo hicho ililemewa na mzigo ikajitoa, na zaidi ya megawati 180 zikapotea. Wakati huo kilele cha mahitaji ya nchi kilikuwa takriban megawati 1,600. Kwa maneno mengine, kituo kimoja kilichukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu za taifa, na waliobaki hawakuweza kuziba pengo. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa Shirika la Wanyamapori. Dunia ilicheka. Walioumia ni wale waliokuwa na maziwa ya kupozwa, nguo za kushonwa na wagonjwa wa kufanyiwa upasuaji.

La pili lilitokea usiku wa Agosti 25, 2023, mnamo saa nne kasorobo. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilikuwa ikitoa megawati 270, kiasi cha asilimia 15 ya umeme uliokuwa ukitumika nchini wakati huo. Ikajitoa kwa mkupuo. Maeneo mengi yalikaa gizani usiku kucha na sehemu ya siku iliyofuata. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya mojawapo ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, akawaomba abiria radhi.

Baada ya hapo yakazuka mabishano yenye mafunzo. Kampuni ya Kenya Power ilieleza kwamba kupotea kwa umeme wa Turkana ndiko kulikoivuruga gridi. Wenye mitambo ya upepo wakajibu kwamba wao hawakuanza. Walisukumwa nje na voltaji iliyopanda kupita kiasi katika gridi yenyewe.

Huenda mwananchi akadhani kwamba mmoja wao lazima awe anakwepa ukweli. Si lazima. Laini ndefu inapopoteza mzigo wake ghafla, voltaji yake hupanda, mfano wa bomba refu la maji ambalo mfereji wake umefungwa kwa nguvu: maji hayana pa kwenda, na shinikizo huongezeka. Hivyo hitilafu ndogo huweza kuzaa voltaji kubwa, voltaji ikaufukuza mtambo, na kutoka kwa mtambo huo kukaangusha mapigo ya nchi nzima. Ugomvi wa nani alitangulia una maana kwa mawakili. Kwa mhandisi, swali zito zaidi ni kwa nini waliobaki hawakustahimili.

La tatu ni la Septemba 6, 2024. Saa mbili na dakika 56 asubuhi, laini itokayo Loiyangalani ilijikata katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo. Punde si punde, laini inayoleta umeme kutoka Ethiopia, iliyokuwa na megawati 200, nayo ikajitoa. Jumla ya megawati 488 zikapotea, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukizalishwa. Hakuna gridi ya ukubwa wa kwetu inayoweza kumeza pigo kama hilo bila kuyumba.

Msomaji akiyapanga matukio haya ataona kwamba pigo limekuwa likikua: megawati 180, kisha 270, kisha 488. Nchi imepata vyanzo vikubwa zaidi vya umeme, tena safi na wa hapa barani. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini chanzo kikiwa kikubwa, pengo lake nacho huwa kubwa, na akiba inapaswa kukua sambamba nacho.

Upepo wenyewe haupaswi kufanywa mkosaji. Ni kweli kwamba mitambo ya upepo huunganishwa kwa vifaa vya kielektroniki na haichangii uzito wa kuzunguka kwa namna ile ya mitambo ya maji na mvuke, na kwamba laini ya Ethiopia, ambayo ni ya mkondo mnyoofu, ina sifa iyo hiyo. Kadiri sehemu ya vyanzo hivi inavyoongezeka, ndivyo mlinzi wa kwanza anavyopungua nguvu. Hiyo ni sababu ya kuwaimarisha wale wengine wawili, wala si sababu ya kuufungia upepo mlango.

Jifya moja haliinjiki chungu

Wahandisi wa umeme kote duniani wana kanuni moja ambayo mpishi yeyote wa kijijini angeielewa: kitu kimoja chochote kikubwa kikitoka, iwe mtambo, transfoma au laini, vilivyosalia viweze kuubeba mzigo. Jifya moja haliinjiki chungu. Palipo na njia moja tu, siku njia hiyo inapokatika hakuna hekima inayosaidia.

Tazama ramani yetu. Umeme wa mitambo 365 ya upepo ya Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, husafiri zaidi ya kilomita 400 kwa minara iliyopangwa mstari mmoja hadi Suswa katika Kaunti ya Narok. Laini ya Ethiopia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayta-Sodo, nayo hukomea Suswa. Sehemu kubwa ya umeme wa jotoardhi wa Olkaria pia hupitia papo hapo ikielekea Nairobi. Suswa imekuwa njia panda ambayo ikipata msukosuko, nchi nzima huyumba.

Ipo mipango ya kupunguza hatari hiyo. Mmojawapo ni laini ya kilovolti 400 kutoka Loosuk katika Kaunti ya Samburu hadi Lessos katika Kaunti ya Nandi, ambayo ingeupa umeme wa Turkana njia ya pili na papo hapo kuinufaisha magharibi mwa nchi. Mpango huu umezungumzwa kwa miaka kadhaa.

Eneo la magharibi ni mfano mwingine. Mitambo mingi ya kuzalisha iko mbali nalo, laini zinazolihudumia ni ndefu na zimezidiwa, na jioni watu wanapowasha taa na majiko, voltaji hushuka. Mnamo 2025 serikali yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya sehemu hukatiwa umeme kwa zamu saa za jioni. Lakini usiku wa manane, mahitaji yanapopungua hadi karibu nusu ya kilele, mvuke wa Olkaria umekuwa ukiachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Nchi iyo hiyo moja hulala na njaa katika chumba kimoja huku ikimwaga chakula katika kingine.

Uchakavu na uharibifu navyo huchangia. Mnamo Januari 11, 2022, minara ya laini kuu ya kutoka Kiambere hadi Embakasi iliporomoka na nchi ikakosa umeme. Serikali ilisema minara hiyo ilikuwa imehujumiwa, maafisa kadhaa wa kampuni ya umeme wakakamatwa, na siku chache baadaye Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka uo huo. Wizi wa vyuma ni uhalifu na unastahili adhabu. Lakini laini moja kuanguka na taifa likazima ni dalili nyingine ya kukosa jifya la pili.

Nani alipe

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo wanasiasa hupenda kunyamaza.

Kujenga laini ya pili ni kutumia mabilioni kwa kitu ambacho siku nyingi kitaonekana hakina kazi. Kuuendesha mtambo chini ya uwezo wake ili uwe akiba ni kulipia umeme usiouzwa. Betri kubwa za kushikilia gridi kwa dakika chache ni ghali. Gharama hizi zote huishia katika bili ya mteja, na Mkenya ambaye tayari hulalamika kwamba tokeni hazikai hatafurahi kuambiwa aongeze. Ni kiongozi mshupavu tu anayeweza kuuza sera ambayo manufaa yake ni jambo lisilotokea.

Upande wa pili, upanuzi wa wateja umekwenda kwa kasi isiyo na mfano. Mnamo 2013 wateja wa umeme nchini walikuwa zaidi kidogo ya milioni mbili. Kufikia 2023 walikuwa wamepita milioni tisa. Haya ni mafanikio ambayo hakuna mpenda haki atakayeyabeza. Mtoto anayesomea taa ya umeme mahali ambapo nduguye mkubwa alisomea koroboi ana kila sababu ya kushukuru. Ila nyaya za vijijini ni matawi. Shina, yaani laini kuu na vituo vyake, halikunenepa kwa kasi iyo hiyo, na wateja wengi wapya hutumia kiasi kidogo ambacho hakileti mapato ya kulihudumia.

Isitoshe, katika mwaka wa fedha wa 2023/24, takriban uniti 23 katika kila 100 ambazo Kenya Power ilinunua zilipotea njiani, baadhi kwa joto la nyaya na baadhi kwa wizi. Mdhibiti wa sekta ya kawi huiruhusu kampuni kumtoza mteja upotevu usiozidi kiwango alichokiweka. Ziada hiyo huibebesha hasara, na kampuni yenye hasara haina haraka ya kubadilisha vifaa vya kinga vilivyozeeka.

Viwanda vikubwa havikungoja. Vingi vimeweka paneli za jua juu ya paa na kupunguza umeme wanaonunua. Kwa mwenye kiwanda uamuzi huo ni wa busara. Kwa gridi, ni kumpoteza mlipaji mkubwa na kubaki na wadogo, jambo linaloongeza mzigo wa kila aliyebaki. Ni mporomoko ule ule wa mitambo inayojitoa, safari hii ukitokea katika vitabu vya hesabu.

Serikali ilipounda kampuni ya Ketraco mwaka 2008, nia ilikuwa kujenga laini kuu kwa fedha za umma ili mteja asitwikwe gharama yote. Kazi kubwa imefanyika tangu hapo. Lakini laini hupita katika mashamba ya watu, na fidia inapochelewa, minara husimama nusu. Laini ya Turkana ni ushahidi. Mitambo ya upepo ilikuwa tayari mwaka 2017, ilhali laini ilikamilika Septemba 2018, baada ya mjenzi wake wa kwanza kutoka Uhispania kufilisika. Katika kipindi hicho walipa ushuru walitwikwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa ajili ya upepo ambao haukuwa na njia ya kuwafikia.

Mnamo Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Adani kutoka India wa kujenga laini kadhaa kwa dola milioni 736. Mkataba huo ulikabiliwa na pingamizi kortini na kelele za umma, na mwezi uliofuata Rais William Ruto akaufutilia mbali. Kuufuta kuliwaridhisha wengi waliotilia shaka jinsi ulivyopatikana. Hata hivyo, haja ya laini zenyewe haikufutika pamoja nao.

Kuifufua gridi

Watu wengi hushangaa kwa nini umeme uliopotea kwa sekunde huchukua saa nyingi kurejea. Sababu ni kwamba mtambo wa umeme wenyewe huhitaji umeme ili kuwaka: pampu zake, feni zake na vifaa vyake vya kudhibiti haviendi bure. Nchi ikiwa giza totoro, lazima pawepo mtambo unaoweza kujiamsha, na aghalabu huwa ule wa maji, ambao huhitaji kidogo tu kutoka kwa jenereta ndogo au betri.

Ukishaamka, huipa uhai laini moja, kisha kituo kimoja, kisha mtambo wa pili. Katika kila hatua, wasimamizi hulazimika kuongeza mzigo kwa kipimo. Wakiunganisha mitaa mingi kwa pupa, mapigo hushuka tena na kazi yote huanza upya. Kwa hiyo jirani wa mtaa wa pili akipata stima saa tatu kabla yako, si lazima awe na mjomba katika kampuni. Huenda laini yake ndiyo iliyokuwa njiani.

Muda huo wa kungoja ndio unaopima utu wa taifa. Hospitali yenye jenereta nzuri na mafuta ya kutosha huendelea. Zahanati ya mashinani yenye jokofu moja la chanjo huhesabu saa. Mvuvi wa Homa Bay na mfugaji wa Githunguri hawana wa kumdai thamani ya samaki au maziwa yaliyoharibika.

Yapasayo kutendwa

Kuanguka kwa gridi si aibu ya maskini pekee. Julai 2012, watu zaidi ya milioni 600 nchini India walikosa umeme. Aprili 28, 2025, Uhispania na Ureno, nchi zilizoendelea, zilizima mchana kweupe, na voltaji iliyopanda kupita kiasi ikatajwa kuwa chanzo. Kinachotenganisha mataifa ni mara ngapi jambo hilo hujirudia, na ni kiasi gani kinachojifunzwa kila linapotokea.

Mengi ya yanayotakiwa hapa kwetu yanajulikana. Kila chanzo kikubwa kipatiwe njia ya pili. Akiba ilingane na pengo kubwa linaloweza kutokea, iwe kwa kutenga nguvu za mabwawa ya Tana au kwa kuweka betri ambazo mipango yake imekwisha kutangazwa. Vifaa vya kinga vipimwe na kuoanishwa, ili vikate mtaa kabla ya kukata nchi. Gridi iweze kujigawa vipande, Pwani ikaendelea kwa mitambo yake hata Bonde la Ufa likizima. Hata uzio wa kuwazuia wanyama vituoni ni gharama ndogo ukiulinganisha na hasara ya saa tatu.

Lakini lipo moja lisilohitaji mkopo wa nje wala minara mipya. Baada ya giza lake la 2012, India iliunda kamati ya wataalamu ambayo katika muda wa wiki chache ilitoa ripoti yenye kueleza, sekunde kwa sekunde, kilichoanguka na kwa nini. Mwanafunzi wa uhandisi huisoma hadi leo. Mwananchi wa Kenya, anayelipia bili kila mwezi, anastahili kuwekewa hadharani ripoti ya namna hiyo kila gridi inapoanguka, ikionyesha akiba ilikuwa kiasi gani, vifaa gani vya kinga vilifanya kazi na vipi vilikataa, na pendekezo lipi la awali halikutekelezwa.

Taarifa ya aya tatu inayomtaja tumbili, upepo au laini hueleza kilichousukuma mlango. Kamati ya Bunge inayosimamia kawi ina uwezo wa kisheria wa kuitisha ripoti kamili juu ya mlango wenyewe. Ianze na ile ya Septemba 6, 2024, kwa sababu megawati 488 ndizo pengo ambalo akiba yetu sasa inapaswa kupimwa nalo.